Kiwanda Alipoonja Shaba

Siku nilipoota ndoto hii nilikuwa nimetoka kwa sonara, ambako kwa miezi kadhaa bei ya madini yetu ilikuwa ikianguka tu. Mume wangu, Mzee Shemdoe, alikuwa barazani akichora nyumba ya vyumba viwili anayotaka tujenge kwao Lushoto kabla kifua hakijamshinda. "Mama Mwanaidi, soko linasemaje?" akaniuliza. "Linapumua," nikajibu, uongo mtupu, nikapita ndani haraka. Miaka mitatu nyuma alitaka kiinua mgongo chake kinunue matofali na mabati, nami ndiye niliyekataa. Nina stashahada, sipendi kubishiwa. Nikamwambia, "Fedha ni fedha, hata jina linasema," tukanunua vipande vya fedha kwa hela yote. Basi mchana ule nikajitupa kitandani na viatu miguuni, usingizi ukanibeba.

Nikajikuta kwenye uwanda mweupe unaoumiza macho, katikati ya wazee waliobeba vipande vya fedha migongoni, wakipanda kilima. Mwanamke mwembamba, khanga yake imefungwa vizuri, akaja kutembea nami. "Naitwa Kiasi," akasema. "Miaka mitatu iliyopita ulipita mlangoni kwangu hukubisha hodi." Kileleni aliketi jitu aitwaye Kiwanda, kinywa kama tanuri, akitafuna fedha kwa viganja na kutema nyaya, simu na vile vioo vyeusi vya umeme wa jua. Kila alipopanua kinywa, mizigo migongoni iling'aa, na Tamaa, mama mnene wa sauti tamu, akapiga vigelegele: "Ana njaa! Ongezeni, ongezeni!" Pembeni yake alisimama Ujuaji, amevaa gauni langu na miwani yangu, akihubiri, "Fedha ni fedha, hata jina linasema!" Wazee wakamshangilia. Nilitamani ardhi inimeze.

Ndipo akaja Ubahili, mpishi wa Kiwanda, ambaye kila siku alikuwa akiikata fedha nyembamba zaidi. Safari hii alileta sahani ya shaba. Kiwanda akaonja, akatafuna taratibu. "Hii nayo inapita," akasema, akajifuta mdomo. Mng'ao ukazimika migongoni mwa watu wote. Mzee mmoja akalia, "Bwana, hii ni ya uzeeni kwangu!" Kiwanda akamtazama bila hasira. "Mzee wangu, nani alikwambia nakula kwa ajili yako?"

"Lakini si ni fedha?" nikamuuliza Kiasi.

"Lugha yako imevipa jina moja vitu viwili: hela ya kununulia unga, na madini anayotafuna huyu," akasema. "Ukayaweka madini ukidhani umeweka hela. Akiwa na njaa, bei hupanda. Akipata cha rahisi, huanguka. Ataona njaa tena, labda kesho, labda baada ya miaka kumi. Kuwa nayo si kosa, mama. Kosa ni kuweka hela yote humo, kwa mtu asiyebakiwa na miaka kumi ya kungoja."

"Mimi naweza kungoja."

"Wewe, ndiyo." Akanionyesha kwa kidole. Mume wangu alikuwa nyuma ya wote, akikohoa, amepinda hadi paji la uso linakaribia magoti. "Na hicho," akasema Kiasi kwa upole, "mnakiita kiinua mgongo." Nikajaribu kupiga kelele nimtue mzigo, sauti haikutoka, nikaamka.

Jua lilikuwa bado kali dirishani. Nililia kidogo, kisha nikaelewa: bei sikuishusha mimi, ila miezi yote hiyo nilikuwa nimemwacha mtu mgonjwa ajenge juu ya uongo wangu. Nikatoka barazani, nikakaa sakafuni karibu naye, nikamweleza yote.

"Najua," akasema. "Tangu mfungo wa Ramadhani. Sonara naswali naye."

"Sasa kila siku ulikuwa unaniuliza habari za soko kwa nini?"

"Sikuuliza soko. Nilikuwa nakuuliza wewe, nione lini utaniambia."

Nikamwambia kesho tuuze nusu, kwa bei yoyote, tupate za hospitali. Akakubali kwa kichwa, akaukunja mchoro wa nyumba. Akanishika bega, mkono mwepesi kama wa mtoto.

"Lushoto tutakwenda kutembea, Mama Mwanaidi," akasema. "Kama wageni."