Dada Si Mtegemezi

Mama Pacha na wifi yake, msusi, walianza kutokwa na damu majira yale yale, na walikuja kujua hivyo kwa sababu ya nywele. Mama Pacha alikuwa ameketi chini, kichwa katikati ya magoti ya msusi, nusu kimesukwa na nusu nywele zimesimama, aliponong'ona kwamba damu inamtoka siku zisizo zake.

Msusi akaacha kusuka. "Wewe! Na mimi hivyo hivyo. Nikadhani uzee unabisha hodi."

"Uzee gani, wifi, na wateja bado wanakuita binti?"

"Hao wananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa niwapunguzie bei."

Wakacheka wee. Kesho yake kila mmoja akaenda kupima, na hapo ndipo njia zao zilipoachana.

Mama Pacha alikuwa na kadi ya bima. Mumewe, ambaye ndiye mdogo wake msusi, aliendesha malori ya kiwanda cha saruji, na kiwanda kiliwakatia bima wafanyakazi wake. Hospitali aliyokwenda sakafu iling'aa hata ukaona haya kukanyaga. Daktari akampima, akachukua kipande cha nyama kikapimwe maabara, na majibu yakaja upesi: saratani ya mlango wa kizazi, lakini bado changa. Wakamtoa kizazi. Alilia, akapona, akarudi nyumbani kugombana na watoto kama kawaida.

Msusi alikwenda zahanati. Kipimo chenyewe cha kuanzia hakikuwa na makuu: siki ya kupaka mlango wa kizazi, taa na mtu aliyefunzwa kuangalia. Akaambiwa siki imekwisha, apewe vidonge vya maambukizi kwanza. Aliporudi, siki ilikuwapo lakini muuguzi aliyefunzwa yuko semina. Aliporudi tena akapewa vidonge vile vile. Kila safari alifunga kibanda, na kila safari wateja walihamia kwa msusi wa jirani.

Dereva hakuweza kulala. Wazazi walipokwama, dada yake ndiye aliyemsomesha, akamlipia hadi leseni ya udereva, vidole vimeota sugu kwa kusuka vichwa vya watu. Akaenda ofisi ya utumishi kiwandani kuomba dada yake aandikishwe kwenye bima, naye mwenyewe akatwe mshahara zaidi.

"Haiwezekani," ofisa akamwambia, bila ubaya wowote usoni. "Bima inatambua mwenza na watoto. Dada si mtegemezi wako."

"Ni kweli," dereva akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mtegemezi wake."

Ofisa akatabasamu kidogo na kumwita aliyefuata.

Mama Pacha aliposimuliwa hayo alivimba kwa hasira. Asubuhi moja akamtia wifi yake kadi mkononi. "Nenda useme wewe ni mimi. Ile picha yangu hata mama yangu hanitambui."

Wakaenda wote wawili. Mhudumu wa mapokezi hakuangalia picha hata kidogo, alisogeza kimashine na kusema, "Weka kidole, mama." Kimashine kikakataa. Wakajaribu kidole kingine, kikakataa tena. Mlinzi akaitwa. Kadi ikashikiliwa, na mbele ya wagonjwa wote msusi, mtu mzima, akaongozwa mlangoni kama mwizi wa kuku.

Nje, Mama Pacha alijifunika uso kwa kanga. Msusi ndiye aliyembembeleza. "Basi, wifi. Vidole vyangu vimeshapoteza alama zamani. Hata ningekuwa wewe kweli, kingenikataa."

Hakuna aliyecheka.

Msusi alipofika hatimaye hospitali kubwa ya rufaa kwa barua ya zahanati, ugonjwa ulikuwa umeshapanda hadi kwenye figo. Kulikuwa na foleni ya mionzi, na mashine ilikuwa moja, nayo mara nzima mara mbovu. Jina lake lilikuwa bado kwenye foleni alipofariki.

Siku ya mazishi gari la kiwanda likaingia uani, jeneza nyuma. Yule ofisa akashuka, suti nyeusi, sauti ya chini, akampa pole dereva. "Kampuni inatambua msiba wa ndugu wa tumbo moja. Jeneza, turubai na gari la kubebea mwili, vyote ni juu yetu."

Mama Pacha akainuka kwenye mkeka, kanga imemdondoka kichwani.

"Rudia, baba. Kampuni inatambua nini?"

"Ndugu wa tumbo moja, mama."

"Tangu lini? Alipokuwa anavuja damu hamkumjua! Mlisema si mtegemezi. Leo hahemi, ndiyo mmemtambua?"

Watu wakamvuta kanga akae. Hakukaa. Dereva akasema jeneza lao lirudi lilikotoka.

Mama mkwe, mama wa marehemu, akasema, "Lichukueni. Mwanangu amelifanyia kazi."

Wakalichukua.

Lakini Mama Pacha hakutulia. Matanga yalipokwisha alipita kibanda kwa kibanda: wasusi, washonaji, wauza mboga, wanawake wote waliokuwa wakisukwa na marehemu. Jumatatu wakajaa kwenye mabenchi ya zahanati hadi barazani, wote wakitaka kupimwa.

"Siki imekwisha," muuguzi wa zamu akasema.

"Tunangoja iletwe," Mama Pacha akajibu, akakunja miguu.

Muuguzi akaingia ndani, akatoka, akaingia tena. Mganga mkuu akaja kuwasihi waende, waje wiki ijayo. Wakamsikiliza kwa heshima zote na hakuna aliyenyanyuka. Simu zikapigwa. Kabla ya adhuhuri siki ikapatikana, na yule muuguzi wa semina naye akapatikana.

Walioonekana na dalili walikuwa wawili. Mmoja, muuza mboga, alitoka chumbani ameishika barua ya rufaa kama inamuunguza.

"Mimi sina bima, dada," akasema.

"Najua," Mama Pacha akamwambia, akamshika mkono. Wakatoka pamoja kwenda kuuliza ofisi inayofuata ya kwenda kungoja iko wapi.