Maua Yaliyoiamsha Hamira

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi. Asubuhi hiyo jua lilichomoza na hasira zake zote. Hakukuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kwenye kamba, na watu walikuwa hawajamaliza chai wakati bati za paa zilipoanza kulia kwa joto.

Fundi Baridi, kama walivyomwita mtaani kwa sababu ya kazi yake ya kutengeneza majokofu, hakwenda kazini. Mkewe alikuwa amewaalika wenzake wa karakana ya ushonaji waje kesho yake kuonja bia ambayo mumewe aliipika mwenyewe nyumbani, na Fundi alitaka kuhakikisha kwamba chupa zimekaa vizuri. Akaingia stoo, chumba chembamba chini ya ngazi kisicho na dirisha, akaurudisha mlango nyuma yake ili joto lisiingie, akawasha taa.

Mwisho wa chumba lilikuwapo jokofu kuukuu alilochachushia bia, na sasa alitaka kuzipozea chupa humo. Ili alifikie, ilimbidi ayahamishe makreti ya chupa za bia yaliyoziba njia. Akayapitisha moja moja nyuma yake, akayapanga moja juu ya jingine, mpaka yakaegemea mlango. Mlango wenyewe ulifungukia ndani. Hilo hakulifikiria.

Alikuwa ameinama kwenye jokofu aliposikia, pah!

Kipande cha chupa kilipita karibu na sikio lake kikagonga ukuta. Povu likaanza kuteremka kutoka kreti la juu, likichuruzika bila haraka hadi sakafuni. Fundi akageuka taratibu kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka miguuni pake. Makreti yote yalikuwa kati yake na mlango. Chini ya mwanga wa balbu aliona vizibo vimetuna.

Alijua sababu papo hapo, na kule kujua kukamchoma kuliko joto.

Bia ile ilikuwa imechachuka vizuri. Mapovu yalipotulia, alitumbukiza kipimo cha kioo cha kupimia sukari siku mbili mfululizo, nacho kikaelea palepale. Maana yake hamira ilikuwa imeshiba na kulala. Hapo ndipo alipotia maua makavu ya hopsi, mmea wa kukolezea bia, bila kuyachemsha, kwa ajili ya harufu. Rafiki yake mwokaji mikate, ambaye ndiye aliyemfundisha kupika bia, alikuwa amemwonya: "Maua yakiingia hivyo, yanaivunjavunja ile sukari ngumu iliyobaki. Hamira ikiona chakula laini, inaamka tena. Usifunge chupa mpaka umepima upya."

"Ndiyo, ndiyo," alikuwa amejibu Fundi.

Kweli, baada ya maua, mpira wa kutolea gesi ulianza tena kutoa mapovu. Fundi akajidanganya kwamba ni gesi ya zamani inatoka tu. Mkewe alipomuuliza, "Niwaalike watu? Iko tayari?" alijibu huku akitafuna, "Tayari kabisa." Akajaza chupa, akaongeza sukari kidogo katika kila moja, kama desturi, ili bia ipate gesi, akazifunga. Sasa hamira ilikuwa na chakula mara mbili, ndani ya chupa zilizozibwa, siku ya joto kama hii.

Pah! Ya pili. Mkono ukamwasha. Alipoutazama, damu ilikuwa inashuka kwenye kifundo.

Akajibana kati ya jokofu na ukuta. Hakuthubutu kuyagusa makreti, wala kukohoa. "Ee Mungu," akanong'ona, "haraka ni yangu. Aibu na iwe yangu, lakini uniache na macho."

Ndipo akasikia ndala zikiburuzwa kwenye ujia. Shrap, shrap, shrap. Roho ikamruka. Ni mama mkwe. Kila siku kabla ya kupika alikuja stoo kuchukua vitunguu, na masikio yake yalikuwa yamechoka miaka mingi iliyopita.

"Mama! Usifungue! Mama!"

Ndala hazikusita. Kitasa kikacheza. Mlango ukasogea kidogo, ukalisukuma kreti la chini, na chupa zote zikagongana kwa sauti ndogo kama meno ya mtu mwenye homa.

"Mlango huu nao," alisema mama mkwe peke yake huko nje. "Umevimba kama miguu yangu." Akavuta pumzi ili asukume kwa bega.

Fundi akatazama juu. Balbu ilikuwa juu ya kichwa chake. Akainyoosha mikono akaikamata, ikamuunguza vidole, akaizungusha ikazimika, akaizungusha ikawaka. Ikazimika. Ikawaka. Mwanga ukawa unaruka kwenye upenyo wa mlango, ndani ya ujia ule wenye giza. Mama mkwe aliwahi kurushwa na umeme wa pasi, na tangu siku hiyo hakuwa na ugomvi na umeme, aliuachia nafasi yake.

"Yarabi! Umeme unacheza!" Akaachia kitasa. "Mwanangu! Njoo uone, stoo inataka kuungua!"

Fundi akalamba vidole vyake, machozi yakimtoka. "Asante, Baba," alisema. Alikuwa anasema na Mungu.

Mkewe alifika akikimbia, na nyuma yake mwokaji, aliyekuwa amepita kuleta mikate.

"Baba watoto, uko humo?"

Ulimi wa Fundi ulikuwa umeshajipanga kusema mambo ni shwari. Akaurudisha.

"Msiguse mlango! Chupa zinapasuka, na zimeegemea hapo ulipo."

"Si ulisema ziko tayari?"

"Nilisema."

"Na wageni wangu je?"

"Mke wangu, huku nina uso mmoja tu."

Mwokaji akasogeza mdomo karibu na bawaba. "Bwana Baridi! Baada ya maua, ulipima?"

Fundi akalitazama jokofu.

"Nakuuliza wewe, siliulizi jokofu."

"Nilipima kabla."

"Kabla ya ndoa hata suruali yangu ilinitosha! Nauliza baada."

"Sikupima."

"Basi usizibebe. Zifungue hapohapo, moja moja, zitoe pumzi."

"Bia yote itamwagika!"

"Ikimwagika bia tutadeki," alisema mkewe. "Damu yako sitaki kuideki. Fungua."

Fundi alikuwa na bisibisi mfukoni, kama siku zote. Akafungua skrubu za bawaba za jokofu, akaung'oa mlango wake, akausimamisha mbele yake kama ngao. Akauviringishia mkono blanketi kuukuu alilokuwa akilifunikia jokofu. Akapiga moyo konde, akachukua kifungulio cha chupa juu ya jokofu, akapitisha mkono pembeni, akainua kizibo cha kwanza pole pole. Fsssss! Bia ikaruka hadi ikagonga ngazi juu yake, ikamrudia kichwani. Chumba kikajaa harufu ya maua, tamu na kali, ileile aliyoihangaikia. Hakupata nafasi ya kuifurahia. Chupa nyingine ikapasuka ikaupiga mlango wa jokofu hadi akayumba. Nje mama mkwe, aliyekwisha kuelezwa kwa kupigiwa kelele sikioni, alikuwa anasali kwa sauti kuliko wote.

Kazi ilikwenda hivyo, kizibo baada ya kizibo, mpaka chupa zote zikanyamaza na povu likapita chini ya mlango. Ndipo alipoyaondoa makreti, akatoka amelowa chapachapa, blanketi likimning'inia mkononi.

Mama mkwe akamshika uso kwa viganja viwili. "Macho yote yapo," akawaambia wengine.

Mkewe hakucheka. Alimfunga kidonda kwa kanga yake, akakaza fundo. "Wageni nitawaambia mwenyewe wasije. Lakini kwangu ulisema 'tayari' ukiwa umekaa, unakula. Leo niahidi ukweli ukiwa umesimama, na hawa wasikie."

Fundi akasimama wima kwenye dimbwi la bia yake, akainua mkono uliofungwa.

"Mama, na wewe mwokaji, nyinyi ni mashahidi wangu mbele za Mungu. Mke wangu, sitafunga chupa nyingine ndani ya nyumba hii mpaka nimepima baada ya maua, na kipimo umekiona kwa macho yako. Na ukiniuliza kama iko tayari, nami sijui, nitakujibu: sijui."