Safu ya Metodi

Saini moja tu ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa Jumanne ile katika mtambo wa nyuklia wa Gorna Breza, nayo ilikuwa ya Zdravka Ilcheva, inspekta wa serikali. Kinu cha pili kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo wiki tisa, baridi imeshaingia, mji mzima unategemea joto lake. Naibu mkurugenzi, Strahil Bonev, alikuwa ameshapiga simu mara tatu kabla ya saa nne asubuhi, sauti tamu kama asali, kuuliza dada yake, yaani Zdravka, ameamkaje. Strahil hakuwa na dada. Alitaka kibali cha kukiwasha kinu kabla ya saa sita.

Kabla ya kutoa kibali, sheria ilimtaka inspekta asome daftari la jenereta za dharura tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Hizo ni injini za dizeli zinazopaswa kuwaka mara moja umeme ukikatika, ziendeshe pampu za kupoza kinu. Zisipowaka, hapo tena tusisimuliane. Kila siku watu wawili walikwenda kuangalia presha ya hewa inayozisukuma injini hizo ziwake, na kila mmoja aliandika alichokiona kwenye safu yake bila kuchungulia ya mwenzake. Safu ya tatu ilikuwa ya serikali: inspekta naye aende, aone kwa macho yake, atie saini.

Aende! Zdravka alikuwa na miezi minane hajaukanyaga ule ukumbi. Kila Jumatatu karani alimletea daftari mezani pamoja na kahawa na kipande cha banitsa, mkate wa jibini, bado cha moto, naye akasaini siku tano kwa mpigo, Jumatatu mpaka Ijumaa, huku akipangusa mafuta vidoleni. Inspekta aliyemtangulia alifanya vivyo hivyo, na aliyemtangulia huyo pia. Hakuna aliyeona ubaya, maana namba ilikuwa ileile miaka nenda rudi: thelathini. Chini ya ishirini na tano ndipo injini haiwezi kuwaka.

Sasa akaisoma. Safu ya Kuzman Drenski: thelathini, thelathini, thelathini, mpaka inachosha. Safu ya Metodi Karadzhov: thelathini vilevile kwa kurasa nyingi, halafu ishirini na tisa. Akafunua. Ishirini na nne. Akafunua tena. Ishirini na moja. Ya asubuhi hiyo ilikuwa kumi na tisa, na ile tisa ilikuwa na mkia mrefu uliojikunja kushoto, jinsi Metodi alivyoziandika tisa zake maisha yake yote.

Na Metodi alikuwa amekufa. Tangazo lake la kifo, la arobaini, lenye picha yake amevaa tai, lilikuwa limebandikwa langoni asubuhi ileile, na Zdravka alilipita akiwa anatafuta kitambulisho mkobani.

Akazihesabu tarehe kwa kidole, polepole, akiomba awe amekosea. Hakukosea. Namba zilizoshuka zote zilikuwa za baada ya mazishi, na pembeni ya kila namba, kwa wino wa buluu, palikuwa na saini yake mwenyewe: ameona, amethibitisha. Akiipeleka habari hii mbele, amejipeleka na yeye. Akinyamaza, kinu kitawashwa saa sita. Akavaa koti, akashuka na daftari.

Mlangoni pa ukumbi wa jenereta palikuwa na kisahani cha ngano iliyochemshwa kwa sukari, na sakafuni doa la divai nyekundu iliyomwagwa, vyote viwili sadaka ya arobaini ya marehemu. Kuzman alikuwa ndani, amesimama mbali na meza ya daftari. Mtu mnene, mcheshi wa kantini nzima, lakini siku hiyo hakuwa na utani hata wa kuombwa. Alipoona Zdravka amebeba daftari, alikaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akayasema yote.

Wakubwa hawakuleta mtu wa kushika nafasi ya Metodi, na sheria inataka wawili. Basi siku tatu za kwanza Kuzman alimwandikia rafiki yake thelathini, akamwigia saini, akaona amemaliza. Siku ya nne akakuta safu imeshajazwa. Akadhani ni utani wa wenzake wa zamu, akawatukana. Akawa analifungia daftari kabatini, ufunguo anaondoka nao shingoni. Asubuhi anafungua, na namba ipo, wino haujakauka vizuri.

"Kwa nini hukusema?" Zdravka aliuliza.

"Niseme nini, mama? Kwamba nimeghushi saini ya marehemu, na marehemu akaona bora ajiandikie mwenyewe?" Kuzman alitazama sakafu. "Na wewe ulikuwa unasaini hapohapo pembeni yake. Nikajua umeona, umenyamaza kama mimi."

Zdravka akageuka. Akaiendea geji ya kupimia presha ya hewa. Mshale ulikuwa kwenye thelathini. Akaigonga kwa ukucha, akaigonga kwa ngumi, mshale haukutikisika. Ndipo akasikia, nyuma ya mabomba, sauti nyembamba, kama mtu aliyelala akipumua kwa mdomo. Akashika pumzi yake ili asikie vizuri. Ile nyingine iliendelea.

Alikuwa ameshaambiwa habari ya sauti hiyo. Jumatano moja, Metodi alifika ofisini kwake na kofia mkononi, akasema hewa anaisikia ikivuja lakini geji haisogei, tafadhali inspekta njoo uone, maana wewe wakikuona watatengeneza. Zdravka alikuwa na simu sikioni. Alimwonyesha kwa mkono kwamba kesho. Kesho yake asubuhi Metodi alikutwa ngazini, moyo umesimama, spana bado ameishika. Kwa siku arobaini Zdravka alijitia hamnazo kwamba mambo hayo mawili hayahusiani.

Strahil akaingia, amekunja uso kidogo tu, na kwapani ana daftari jingine, jipya. Karani, aliyeziona namba za Metodi, alikuwa ameshamweleza. Hakupiga kelele, si mtu wa kelele huyo. Alieleza kwamba mhuni mmoja amechezea nyaraka za serikali na atashughulikiwa, lakini leo watu wana baridi. Daftari jipya limeshapigwa mistari. Kuzman ataandika zake upya, safu ya pili atasaini mtu wa karakana, hai kabisa. Kilichobaki ni dada yake anakili namba na kutia jina lake, dakika kumi, wakanywe kahawa.

Zdravka alikaa mezani. Tusimseme vibaya kupita kiasi. Alibakiza miaka miwili astaafu, ana mama mgonjwa anayemtegemea, na alikuwa na hofu. Akashika kalamu. Akaweka ncha kwenye mstari wa kwanza aandike thelathini.

Mkono ukaandika kumi na tisa.

Aliutazama kama si wake. Mkia wa ile tisa ulikuwa mrefu, umejikunja kushoto. Akajaribu mstari wa pili, akiibana kalamu mpaka vidole vikauma, akisema moyoni thelathini, thelathini. Ikatoka kumi na tisa tena, nzuri, bila haraka. Akaiachia kalamu ikabingirika. Kuzman, aliyekuwa akichungulia begani kwake, aliuangalia mkono wake mwenyewe wa kulia muda mrefu, kisha akautia mfukoni.

"Washa injini," Zdravka alisema.

"Dada yangu, usikitie kitumbua chako mchanga," Strahil alisema taratibu. "Isipowaka, hakuna kibali, na saini zako za uongo zimo humu zote. Utakuwa umejimaliza mwenyewe."

"Zimo. Washa, Kuzman."

Kuzman akabonyeza. Hewa ikapiga, injini kubwa ikajigeuza nusu, ikakoroma, ikanyamaza. Akabonyeza tena, haikujigeuza hata robo. Mshale wa geji ulibaki palepale kwenye thelathini. Strahil aliketi kwenye ndoo.

Zdravka aliwapigia wakubwa wake jijini Sofia mbele yao wote wawili. Alisema kinu hakitawashwa, akasema sababu. Huko wakauliza ni nani aliyethibitisha presha siku zote hizo. Akajibu kwamba ni yeye, na kwamba hakuwahi kwenda. Akaambiwa akabidhi kitambulisho langoni, mtu mwingine anakuja jioni.

Alikuwa ameshafika mlangoni alipoikumbuka Jumatano ya kesho. Jumatano, Alhamisi, Ijumaa: alizisaini jana, na kahawa mkononi. Kesho angekuwa jikoni kwa mama yake, na daftari lingesema yupo hapa, amesimama mbele ya geji, ameona. Angalau Metodi alipoandika hali hayupo, aliandika kweli.

Akarudi mezani, akafungua daftari la zamani, akaanza na Ijumaa. Hakufuta kitu. Kando ya kila saini aliandika neno moja, sikuwepo, kisha akapanda juu, siku moja baada ya nyingine, ukurasa baada ya ukurasa, na safari hii mkono ulimtii. Saa sita ikapita. Strahil alikwenda kupiga simu zake. Kuzman alibaki amesimama nyuma yake.

Alipoifikia ile Jumatano ya Metodi, kalamu ikasita, na machozi yakamtoka, wala hakuyapangusa. Kisha akaandika kwa herufi kubwa, asije mtu akashindwa kuzisoma: Metodi Karadzhov aliniita. Nilisema kesho. Sikwenda.