Siku Wabizanti Walipokimbia

Hakuna kitu kilichokuwa kinanichoma roho kama kumwona shemeji akiwachinja Wabizanti kwa mkono mmoja, huku mkono wa pili ukitafuta karanga mfukoni.

Ngoja nieleze, nisije nikaonekana kichaa. Kaka yangu ana kampuni ya kutengeneza gemu, vyumba viwili juu ya duka la magodoro, na feni moja inayopiga kelele kuliko sisi sote. Gemu yetu ya kwanza ni ya vita vya kale. Mchezaji ni mvamizi anayetaka kuiteka ngome ya Wabizanti, wale Warumi wa mashariki waliokaa karne nyingi nyuma ya kuta nene, wenye farasi waliovikwa chuma na moto uliowaka hata juu ya maji. Huyo mvamizi wamemuunda wenzangu. Maadui ni wangu. Kila Mbizanti anayeinua upanga, mimi ndiye niliyemfundisha kuuinua. Nimewalea tangu hawajui kutembea, wanapita katikati ya kuta na kuzama sakafuni mpaka kiunoni.

Shemeji, mume wa dada yetu, ndiye anayetujaribia gemu. Siku hiyo alimaliza kikosi kizima langoni, akapiga mwayo.

"Shemeji, watu wako wana adabu kupita kiasi," akaniambia. "Mmoja anakuja, anakufa, mwenzake anasubiri nijiweke sawa. Hata benki watu hawapangi foleni hivyo!"

Wote wakavunjika mbavu. Kaka peke yake hakucheka. Akanivuta pembeni.

"Ijumaa msambazaji wa gemu anakuja kuiona kazi," akasema. "Wabizanti tunawatoa. Mchoraji ameshatengeneza mizuka mizuri, macho mekundu, inatisha."

"Mizuka? Kwenye vita vya kale?"

"Mizuka haina zamani wala sasa, mdogo wangu."

Jamani! Kwangu ile haikuwa kazi ya kutoa na kuweka. Nilikuwa nimesoma kuhusu wale watu mpaka nikawa nawaota, na sasa wafutwe ili wawekwe wafu wenye macho mekundu? Nikapiga moyo konde.

"Nipe mpaka Ijumaa. Shemeji akiwashinda mbele ya mgeni, nitawafuta kwa mkono wangu mwenyewe."

"Usije ukanililia."

"Nikulilie wewe? Thubutu!"

Maneno hayo ni rahisi kuyasema. Niliwaongezea Wabizanti nguvu, shemeji akawaua. Nikawapa ngao kubwa, akawaua wakiwa wazito zaidi. Kufika katikati ya wiki, maji yalikuwa shingoni, na juu ya hayo mama akaniita nyumbani.

Habari yenyewe ilikuwa shangazi. Nyumba yake ilikuwa inaezekwa upya, na mama alitaka akae kwangu mpaka mafundi wamalize. Nampenda shangazi, lakini yule mwanamke anakoroma, na mchana anapanga upya vyombo vya watu. Basi nikasimama sebuleni nikatoa hoja zangu zote: chumba kidogo, kazi nyingi, sipiki. Mama alinisikiliza. Nilipomaliza alishusha pumzi, akainuka.

"Sawa mwanangu. Umeshinda."

Akaondoka taratibu kwenda chumbani kwake, mabega yameanguka. Na mimi, bwege, nikamfuata. Nilitaka nimweleze vizuri asije akaumia. Nikaingia chumbani na maneno mdomoni, nikamkuta shangazi amekaa kitandani. Nyuma yangu mlango ukafungwa polepole. Aliyeufunga ni mama mdogo, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo nyuma yake muda wote.

"Nasikia chumba chako kidogo," shangazi akasema.

Sijui hata kilichofuata. Najua tu kwamba nilitoka mle ndani nimekubali shangazi alale kitandani, mimi kwenye kochi, na nikashukuru.

Nilikuwa nimeshafika getini nilipokumbuka kwamba hivyo ndivyo mama alivyotushinda sote, tangu utotoni. Kaka aliahidi kuuza pikipiki yake kwenye chumba kile. Dada alikubali kuahirisha harusi kwenye chumba kile. Mama hajawahi kushinda ubishi sebuleni hata siku moja. Anakuachia sebule, unamfuata mwenyewe kichwakichwa, basi, habari yako imekwisha.

Nikasimama pale getini nikacheka peke yangu. Vitabu vya vita vya Wabizanti wenyewe vilifundisha hila hiyo hiyo! Jifanye unakimbia, adui akufuate, wenzako wamvamie kutoka pande mbili. Nilikuwa nimeisoma, nikaipita. Watu wangu hawakuwa dhaifu. Walikuwa hawajalelewa na mama yangu.

Nikarudi kazini, nikawafundisha upya. Kesho yake kaka alipita nyuma ya kiti changu akaona askari wanatupa ngao na kutimua mbio.

"Sasa wanakimbia kabisa," akasema kwa huruma. "Pumzika, mdogo wangu."

Nikaendelea kuwafundisha kukimbia.

Ijumaa ikafika. Msambazaji alikuwa mama mmoja mpole mwenye miwani, akapewa kiti chini ya feni. Shemeji akakaa mbele ya skrini, karanga tayari. Mchoraji akajisogeza na michoro yake ya mizuka kifuani.

Wabizanti wa kwanza wakaja kwa foleni kama zamani. Shemeji akawaangusha, huku anatafuna. Kisha tarumbeta ikalia, na waliobaki wakatupa ngao, mguu niponye!

"Kimbieni!" shemeji akapiga kelele. "Rudini kwa mama zenu!"

Niliuma mdomo nisicheke.

Akawafuata. Akavuka lango, akaingia kwenye uchochoro mwembamba, anacheka. Hapo wale waliokuwa wanakimbia wakageuka. Milango ya pande zote mbili ikafunguka, wakatoka farasi wa chuma. Na nyuma yake askari mmoja aliyekuwa amejibanza kando ya lango akalifunga, polepole. Huyo kwenye kompyuta nilimwandika jina lake: Mama Mdogo.

Karanga zikamwagika. Kwa mara ya kwanza shemeji alishika pedi ya kuchezea kwa mikono miwili, lakini wapi! Akaramba mchanga.

Chumba kikalipuka. Watu walipiga meza, mtu akaniinua juu, wa dukani chini wakagonga dari kwa ufagio. Nami nilipiga vigelegele bila aibu, tena virefu.

"Tena," shemeji akasema, uso umeiva.

Mara ya pili alijua mtego, akakataa kuwafuata. Wabizanti wakarudi wakamrushia mishale, wakakimbia. Wakarudi, wakamrushia, wakakimbia. Uvumilivu ukamwishia, akawafukuza huku anatukana, lango likafungwa. Mama wa miwani akaomba naye ajaribu, akafa anacheka mpaka miwani ikamdondoka. Kaka akamnyang'anya pedi kuonyesha umwamba. Yeye ndiye aliyekufa haraka kuliko wote.

Kaka akaweka pedi chini. Akashusha pumzi, akainuka.

"Sawa, mdogo wangu. Umeshinda."

Akaondoka taratibu kwenda ofisini kwake, mabega yameanguka, akaacha mlango wazi kidogo. Mimi na maneno yangu yote ya wiki nzima mdomoni, mbio, nyuma yake! Nikafika kizingitini. Chini ya mlango nikaona ncha ya kiatu cha mchoraji.

Nikasimama hapo hapo.

"Kaka," nikasema kwa sauti, kila mtu asikie, "mimi na wewe tumelelewa na mama mmoja. Siingii humo. Toka uje useme mbele ya mgeni."

Kisha nikamsikia anacheka, kicheko cha tumboni cha zamani, cha wakati ule tulipokuwa tunalala chumba kimoja. Akatoka mikono juu. Mchoraji akamfuata, anaificha mizuka nyuma ya mgongo.

"Wabizanti wanabaki," kaka akatangaza. "Wote. Mpaka huyo wa mlangoni."

Nikageuka kumtafuta shemeji, naye asikie. Hakuwa na habari na mtu. Tarumbeta ilikuwa imelia tena, na alikuwa analivuka lango kwa mbio.