Trela la Futi Saba

Anayetaka kumnunua farasi humpima begani. Anayetaka kumsafirisha humpima kichwani, shingo ikiwa imeinuka, kwa sababu farasi akigonga paa siku moja, siku ya pili haingii tena, umpe hata shayiri ya dunia nzima. Verlin Stroud alikuwa amelisema hilo katika miaka yote ya ndoa yake, na Jumamosi ile ya Agosti akalisema tena, akiwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa mlangoni mwa banda.

"Mwachie kamba. Farasi hasafiri akiwa amesujudu."

"Najua, Verlin," mkewe, Twyla, akasema.

"Unajua, lakini ufito wa kupimia umeulaza."

Twyla akausimamisha ufito wima. Farasi yule aliitwa Shemasi, kwa kuwa alikuwa mweusi, mkubwa, na alipenda kusimama mlangoni akimkagua kila aingiaye. Akainua kichwa kumtazama ndege juu ya waya, na utosi wake ukapita alama ya futi saba na nusu. Kisha ikaja zamu ya Tangawizi, jike mdogo mwekundu wa Twyla. Yeye hata alipokaza shingo hakuifikia ile ya saba.

"Basi trela ni la futi nane," Twyla akasema. "Tangawizi atapata nafasi ya kucheza ngoma, na Shemasi atapata nafasi ya kichwa."

Verlin alikuwa akimtazama Shemasi, naye Shemasi akimtazama yeye.

Trela lenye chumba cha kuishi walikuwa wamelitaka tangu wakiwa vijana. Kila Septemba walipandisha farasi kwenda milima ya Colorado, wakalala nyuma ya pikapu chini ya turubai, na kila walipoamka na umande usoni Verlin alisema, "Mwaka mmoja, mama, tutalala kitandani kama watu." Mwaka ule waliuza ng'ombe wote. Fedha na nafasi vikapatikana. Trela la kweli sasa: nyuma farasi wawili, katikati jiko na meza na bafu dogo, mbele kitanda kinacholalia juu ya mgongo wa pikapu.

Lakini mwezi Machi Verlin alikutwa na saratani ya ini, na mwezi Julai daktari wa Amarillo akawaambia kwamba dawa hazisaidii tena. Walipofika kwenye gari Twyla aliwasha injini akasema, "Hilo neno hatulipokei." Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Twyla hakuwa akiyaficha. Kanisa zima liliyajua. Yeye alikuwa akiyakana. Alisimama mbele ya ndugu Jumatano moja ya masika akatangaza kwamba uponyaji wa mumewe ameshaupokea kwa imani, na tangu siku hiyo hakuruhusu neno la kifo likae kwenye kiti nyumbani mwake. Muuguzi alipoacha mezani vijitabu vya kumhudumia anayekufa, alivipeleka kwenye pipa la kuchomea taka. Verlin aliposema anataka trela linunuliwe upesi, moyo wa Twyla uliruka kwa furaha. Mtu anayekufa, alijiambia, hanunui trela.

Uwanja wa Delmer Pruitt, muuza matrela, ulikuwa kando ya barabara ya kwenda Guymon, matrela yamepangwa safu, yanameta juani. Delmer alitoka ofisini akiwa na kikombe cha kahawa na tumbo lake mbele yake.

"Verlin. Nilidhani umeshakufa. Nimeshanunua suti ya mazishi."

"Irudishe dukani. Vifungo vyake havitafungika tumboni kwako."

Walicheka wote wawili. Twyla hakucheka. Delmer alipomwona uso, akatazama kikombe chake.

"Tunataka la futi nane, Delmer," Twyla akasema. "La farasi wawili."

"La nane ninalo, na la saba ninalo. Ni ndugu wa tumbo moja, wametofautiana urefu tu." Akamgeukia Verlin. "Bado unaye yule jitu mweusi? Basi la saba hata usilitazame."

La futi nane lilikuwa zuri. Twyla aliingia, akafungua kabati, akabonyeza godoro, akasimama katikati akainua mkono na hakuigusa dari. Akilini alimwona Verlin humo, mrefu kama alivyo, futi sita na inchi tano, akigeuza chapati za maji asubuhi bila kupinda shingo. "Verlin, njoo uone," akaita. "Unasimama na kofia kichwani."

Hakuja. Alipochungulia mlangoni alimwona amefika kwenye lile fupi, anashika nguzo ya mlango kwa mikono miwili ili apandishe mguu.

Delmer alitaka kumkimbilia. "Mwache," Twyla akasema. Akaenda yeye.

Ndani ya lile la saba dari ilishushwa na kiyoyozi, na Verlin alikuwa amevua kofia akapinda shingo. Kisha akaketi mezani. Jasho lilimtoka. Alifungua droo akaifunga, akafungua bomba, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole kama anavyogonga tikiti maji.

"Hili ni jepesi," akasema. "Pikapu yetu italivuta bila kulalamika. Lile jingine upepo wa huku utalipiga ubavuni, dereva atashika usukani kwa meno. Na matawi ya kambini. Unakumbuka yule bwana wa Kansas aliyeacha paa lake kwenye mti?"

"Umeendesha kwenye upepo huu maisha yako yote," Twyla akasema.

"Mimi, ndiyo."

"Sasa?"

"Livute kidogo, Twyla. Delmer atalifunga kwenye pikapu. Nataka nikuone unarudi nalo kinyumenyume."

"Kurudi nyuma ni kazi yako."

"Nataka nikuone."

Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amechoka kubishana juani. Delmer alilifunga trela, na Twyla akalizungusha uwanjani, akalirudisha kati ya mapipa mawili. Mara ya kwanza lilikunja shingo. Mara ya pili liliingia sawasawa. Katika kioo cha pembeni alimwona mumewe amesimama, mkono mmoja juu, akimwelekeza, kushoto, kushoto, basi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeridhika. Hakuwa ameuona uso huo tangu Machi, na badala ya kumfurahisha ukamtia baridi.

Alishuka akamwendea. "Shemasi haingii humu."

"Haingii."

"Wewe mwenyewe huwezi kusimama humu."

"Siwezi."

"Sasa unamnunulia nani?"

Verlin alivaa kofia yake polepole. Delmer alikuwa amesikia, akakumbuka ghafla kwamba simu inaita ofisini, ingawa hakuna simu iliyoita.

"Kaa chini, mama," Verlin akasema. Wakaketi kwenye ngazi ya trela, bega kwa bega, maana ngazi yenyewe ilikuwa nyembamba.

"Usianze," Twyla akamwambia. "Nakuomba kwa jina la Yesu usianze. Mimi nimesimama kwa imani. Nimesimama peke yangu, unajua hilo? Nikikaa mimi, nani anabaki amesimama?"

"Najua umesimama. Ndiyo maana umechoka."

"Ukinunua hili ni kama unamwambia Mungu hatumtegemei."

"Mimi naongea na Mungu pia, Twyla. Kila siku. Wewe ukienda kulisha kuku, mimi naongea naye."

Hilo lilimshtua, kwa sababu Verlin alikuwa mtu wa kuinamisha kichwa tu wakati wa chakula, na maombi ya nyumba ile yalikuwa yake Twyla tangu mwanzo.

"Unamwomba nini?" akauliza.

Verlin alitazama magoti yake, ambayo sasa yalichongoka ndani ya suruali. "Septemba ikifika usikae nyumbani. Hilo tu. Nakuona umefunga mapazia, Tangawizi ananenepa zizini. Namwomba uende milimani. Namwomba upate kitanda kikavu, mlango wenye kufuli, na trela unaloweza kulirudisha mwenyewe bila kumwita mwanamume. Sehemu yangu naifanya. Nyingine namwachia yeye."

"Na kupona? Hukuomba kupona?"

"Niliomba. Mwezi Machi, Aprili. Nikaomba sana. Kisha nikaona muda wa kuomba umepungua, nikachagua la muhimu."

Twyla aliondoka akaenda nyuma ya trela, mahali ambapo farasi huingilia, akasimama akishika komeo la mlango. Alitaka kuomba lile ombi lake alilolijua kwa moyo, la mamlaka na ahadi na "kwa kupigwa kwake tumepona." Mdomo ulifunguka, maneno hayakuja. Kilichokuja ni kitu kidogo, cha aibu. Bwana, miezi yote hii tumekuwa tukikuomba vitu viwili tofauti katika nyumba moja, nami sikumwuliza mume wangu hata siku moja. Kisha akalia, paji la uso kwenye bati lenye joto, bila sauti, maana Delmer alikuwa dirishani.

Aliporudi, Verlin alikuwa bado kwenye ngazi.

"Hili jiko lina mlango wa oveni unaokwama," Twyla akasema.

"Delmer ataupaka mafuta."

"Mwambie aupake kabla hatujaondoka."

Jumatano jioni kanisani kulikuwa na chakula kabla ya maombi, kama kawaida: kuku wa kuoka na wali, maharage mabichi, mkate wa mahindi, chai baridi yenye sukari ya kutosha kusimamisha kijiko. Verlin, kando ya Twyla, alikuwa hajala ila vijiko viwili. Upande wake mwingine aliketi Harlan Voss, jirani yao, mzee mwenye masharubu meupe, ambaye hakuwahi kuketi mahali pengine kwa sababu alidai Verlin humwachia mkate wake.

Mchungaji Loyd aliposimama kuuliza haja za maombi, Dada Earlene akamtangulia. "Tumesikia trela limepatikana. Bwana asifiwe. Dada Twyla, simama utushuhudie. Septemba mnapanda milimani?"

Twyla alisimama. Alikuwa ameshasimama mahali pale pale wakati wa masika, na sauti yake wakati ule ilifika mpaka maegeshoni.

"Limepatikana," akasema. "Tumechukua la futi saba."

Katika chumba kile hapakuwa na mtu wa kuelezwa. Harlan ndiye aliyempigilia Shemasi viatu vya chuma kwatoni kwa miaka. Earlene mwenyewe alikuwa amewahi kumpanda kwenye gwaride la kaunti, akashushwa kwa ngazi. Wote walijua urefu wa farasi yule na urefu wa mwenye farasi. Uma wa mtu uligusa sahani, ukatulia. Earlene alikuwa ameinua mikono kupiga makofi, akaishusha mapajani.

"Saba," Harlan akasema.

"Saba, Harlan."

Mzee alifuta masharubu kwa kitambaa cha karatasi, akafuta tena. "Na Shemasi?"

Verlin ndiye aliyejibu, bila kuinuka. "Shemasi anatafuta mtu mwenye paa la juu na subira. Anakula sana, na ana kiburi kama mchungaji."

Wachache walicheka, Mchungaji Loyd akiwa mmoja wao, huku macho yake yamejaa machozi.

"Trela langu ni la futi nane," Harlan akasema.

"Najua ni la futi nane. Unadhani nimekaa hapa kwa ajili ya uzuri wako?"

Harlan alitikisa kichwa kukubali, akaendelea kukitikisa muda mrefu baada ya jambo kuwa limeshakubaliwa.

Mchungaji alimgeukia Twyla, ambaye alikuwa bado amesimama. "Dada yetu," akasema kwa upole, "tuombe nini?"

"Wakati wa masika niliwaambia nimepokea," Twyla akasema. "Sikuwadanganya. Nilisema nilichokitaka, nikadhani ndicho nilichoambiwa. Nisameheni kwa kuwa niliwaziba midomo. Najua wengine mlitaka kuja kumuaga, mkaniogopa mimi. Ombeni asiumie sana. Na mimi mniombee niweze kwenda mwenyewe. Kulirudisha nyuma ninaweza. Ni kule kwenda mbele."

Viti vikasogezwa. Waliwazunguka, wakawawekea mikono mabegani, kichwani, mgongoni, mikono ya kazi yenye harufu ya sabuni na nyasi kavu. Mchungaji alianza kuomba taratibu. Twyla alifumba macho, akatafuta mkono wa mumewe chini ya meza. Verlin, ambaye miezi yote ile alikuwa amejikaza kuketi wima mbele ya mkewe ili imani yake isitikisike, sasa aliuachia mwili wake ukamwegemea wote. Twyla alijiandaa kuubeba uzito wa mtu mrefu. Haukuja. Alikuwa mwepesi, mwepesi mno, na Twyla akamshikilia hivyo hivyo mpaka maombi yalipokwisha na watu wakaanza kukusanya sahani.