Sekunde Tisa za Fundi Maeng

Saini yangu ipo mpaka leo kwenye daftari la mafunzo, mstari wa kumi na nne, kwa wino wa buluu: Tak Yeon-ok, nimefundishwa na nimeelewa. Niliiandika kwa mkono wa kulia wenye vidole vitano. Wiki tatu baadaye vilikuwa vimebaki vitatu.

Kiwanda chetu cha Gimhae, Korea Kusini, kilikuwa kinafyatua mabakuli ya chuma ya kulia wali, yale yenye vifuniko, yanayounguza vidole vya wageni. Mafunzo yalichukua saa nne. Tuliketi ukumbini kwa kufuata ukubwa wa kazini, wapya nyuma kabisa, tukatazama picha ukutani mpaka wengine wakasinzia. Kisha Fundi Maeng Chi-gon, mwenye miaka ishirini na saba kwenye mashine namba mbili, akatuteremsha chini kutuonyesha namna ya kutoa bakuli lililokwama. "Zima, toa, endelea," alisema, na mikono yake ikafanya haraka hivyo hivyo. Akauliza kama tumeelewa. Sote tukainama tukasema ndiyo. Nani angethubutu kumwambia mtu wa rika la baba yake, mbele za watu, kwamba hajaelewa? Ingekuwa sawa na kumwambia hajui kufundisha.

Nilizima. Nikatia mkono ili nitoe. Gurudumu zito la mashine lilikuwa bado linazunguka, nami sikujua kwamba lina nguvu ya kuangusha nyundo, ile inayofyatua bakuli, mara moja zaidi.

Ripoti iliandika uzembe wa mfanyakazi, na mimi nikaiamini. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vidole. Nilipotoka hospitali nilinunua sanduku la mapeasi, yale makubwa ya sikukuu, nikaenda nalo nyumbani kwa Fundi Maeng, mkono ukiwa bado na bandeji, kumwomba radhi kwa kumwaibisha. Aliyapokea mapeasi. Mkewe akanimenyea moja. Hatukuzungumza lolote la maana.

Waliniweka ofisi ya mafunzo, kazi yangu kupanga viti na kukusanya saini. Mwaka wa sita mwanamume mmoja wa makamo alivunjwa kiganja kwenye mashine hiyo hiyo. Nikafungua daftari. Saini yake ilikuwepo, nzuri kuliko yangu. Nilisimama na lile daftari mkononi na hasira ikanipanda mpaka masikio yakavuma, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa mzembe, lakini hatuwezi kuwa wazembe wa aina moja, mahali pamoja, baada ya somo moja.

Mkurugenzi Seol alikuwa mtu wa heshima zake, hakuwa mbaya. Nilimwambia mafunzo yetu hayafundishi, yanakusanya saini tu. Nilitaka kuyapanga upya kuanzia mwisho: kwanza tuitazame kazi yenyewe, tujue mtu mpya anatakiwa aweze kufanya nini kwa mikono yake, halafu tumpe nafasi ya kukifanya mpaka akiweze, na tumpime kwa kutenda. Akauliza itachukua muda gani. Nikasema siku tatu kwa watu kumi na wawili.

"Siku tatu, Bi Tak? Kwa jambo ambalo Fundi Maeng analimaliza kwa maneno matatu?"

"Ndiyo hayo maneno matatu yaliyonikata vidole, Mkurugenzi."

Nikauweka mkono juu ya meza yake. Miaka sita nilikuwa nauficha mfukoni. Aliutazama, akatazama dirishani, akanipa kundi moja tu, lile lililokuwa linaingia mwezi huo. Angekuja mwenyewe kuona mafunzo yakiisha. Asiporidhika, saa nne zingerudi, na mimi ningerudi kwenye viti vyangu. Nilimwinamia nikatoka, na nilipofika kwenye ngazi nilijiambia kwenye viti sirudi.

Siku nane nilikaa kwenye kigoda kando ya mashine namba mbili, nikiwa na kalamu na simu ya kurekodia video. Fundi Maeng hakufurahi. Aliwauliza wenzake kwa sauti kama huyu mama ameletwa kumhesabia pumzi. Nikamjibu kwamba ndiyo, namhesabia. Mabakuli yalikwama mara sitini na tatu, na mara zote sitini na tatu alifanya jambo ambalo hakuwahi kumfundisha mtu: akishazima, anajifuta glavu kwenye aproni, anainamisha kichwa kidogo, anangoja. Ni kama sekunde tisa. Ndipo anatia mkono.

Nilimuuliza anangoja nini. Akasema hangoji kitu. Nikamwonyesha video wakati wa chakula cha mchana. Aliitazama mara mbili, supu yake ikipoa.

"Ni mlio," alisema mwishowe. "Gurudumu likisimama, mlio unakatika. Kila mtu anausikia."

"Mimi sikuusikia, Fundi. Sikujua kama kuna kitu cha kusikiliza."

Aliinuka akaacha wali nusu. Wiki nzima hakunisalimia. Mimi nilijifungia msalani nikalia, na kilio kile kilikuwa cha mtu aliyetuliwa mzigo.

Kundi langu likaanza. Siku ya kwanza sikuwapa neno la kuandika. Niliwafunga macho kwa vitambaa mbele ya mashine, kila mmoja anyooshe mkono mlio ukikatika. Asubuhi walinyoosha ovyo. Kufikia jioni mikono kumi na miwili ilikuwa inapanda pamoja. Siku ya pili walitoa mabakuli yaliyokwama kwenye mashine niliyoivua nyundo, mara ishirini kila mtu. Siku ya tatu nilimwomba mwenzangu mmoja wa zamani ajifanye fundi mwenye haraka, atie mkono kwenye mashine hiyo kabla ya wakati, nione nani atamzuia. Hakuna aliyemzuia. Wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

Aliyesema ni Pyo Geum-sun, mama wa miaka hamsini na miwili aliyekuwa na duka la maandazi ya nyama mpaka likafungwa. "Dada, tumemwona. Lakini mimi niliyeingia juzi namwambiaje mkubwa wangu asimame? Naanza na neno gani?"

Nilikuwa nimewafundisha kusikia, na bado mtu angekatwa mbele ya mashahidi kumi na wawili wenye adabu. Nikaenda jikoni nikachukua mabakuli na vijiko, nikavitundika kando ya kila mashine. Nikawaambia wasiseme chochote, wagonge tu. Tulirudia mpaka saa kumi, mpaka kijiko kikawa kinaitangulia aibu.

Kesho yake Mkurugenzi Seol alikuja na wageni wawili. Mbele ya mkubwa kama huyo, hakuna mwingine aliyeweza kuwekwa kwenye mashine namba mbili ila Fundi Maeng mwenyewe. Bakuli likakwama. Mkurugenzi alikuwa amesimama nyuma yake kabisa, akitazama saa, na mtu aliyengoja sekunde tisa kwa miaka ishirini na saba akaona aibu kumngojesha mkubwa wake. Alizima, na hapo hapo akainama na mkono mbele.

Bakuli likalia nyuma yangu.

Alikuwa Geum-sun, uso umemwiva, macho chini, anagonga na hataki kuacha. Mkono wa Fundi Maeng ulisimama hewani. Chini ya kelele za kijiko gurudumu lilisikika likizunguka, likipungua, likizunguka. Kisha mlio wake ukakatika. Nyundo haikuanguka.

Mkurugenzi alitabasamu kwa wageni wake, akaniuliza kelele zile zote ni za nini, maana hakuna kilichotokea.

Fundi Maeng alivua kofia. Akamgeukia Geum-sun, mtu wa mwisho kuingia kiwandani, akainama mbele yake chini sana, kama anavyoinamiwa mzazi. Geum-sun akaacha kugonga.

"Siku tatu hazitoshi, Mkurugenzi," alisema Fundi Maeng. "Mpe Bi Tak nne. Na mimi niandikwe kundi lijalo."

Alilitoa bakuli, akaiwasha mashine. Wageni walipoondoka alikuja akasimama karibu nami, akiangalia mbele, akaniuliza kwa sauti ndogo kama mkono unaniuma wakati wa baridi. Miaka sita hakuwahi kuuliza. Nikamwambia ndiyo, unauma, hasa mwezi wa kwanza.