Kiti Namba Moja cha Gondar

Bwana Zerihun alimfukuza kazi Yeshimebet mbele ya wote, kahawa ya ofisi ikiwa bado inakaangwa. Kosa lake lilikuwa kukataa. Kampuni ya mabasi ya Mama Aregash ilikuwa imewaagiza mfumo wa kuuza tiketi mtandaoni kabla ya Mwaka Mpya, Addis nzima inapokimbilia makwao, na bosi alikwishachagua hifadhidata ya kutunza tiketi hizo: ile mpya ya fasheni, yenye mbio, inayopokea chochote unachoitupia. Yeshimebet aliitaka ile kongwe, yenye masharti kama mama mkwe.

"Hiyo yako ina kero," bosi alisema. "Kila saa imekataa hiki, imekataa kile."

"Kukataa ndiyo kazi yake, bosi. Watu wawili wakigombea kiti kimoja, inampa mmoja. Hii yako, tulivyoifunga, inawapa wote."

"Watu tunakula sahani moja, kiti ndicho kitushinde?" Ofisi ikaangua kicheko. "Kusanya vyako uende."

Ilimuuma. Mfumo ule aliujenga kwa mikono yake tangu ukiwa ukurasa mtupu. Alikuwa akinyoosha mkono kuchukua mkoba, Mama Aregash mwenyewe akaingia kukagua alichoagiza, akaketi karibu na jiko, na kikombe cha kwanza kikamiminwa. Pale kwao, hata mkosane vipi, mtu hafukuzwi kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka. Yeshimebet akavuta kigoda, akaketi, akapokea chake huku anamkazia bosi macho. Zerihun akauma mdomo.

Kikombe cha pili kilipomiminwa, Yeshimebet akasimama.

"Mama, toa simu, ukate tiketi ya Gondar. Kiti namba moja. Na wewe bosi, hicho hicho. Nikisema sasa, bonyezeni. Sasa!"

Simu zikalia pamoja.

"Nimepata!" Zerihun alisema. "Mnaona mbio zake?"

"Mbona na mimi nimepata?" Mama Aregash aliuliza.

Yeshimebet akakisukuma kigoda chake katikati. "Basi kaeni."

Mama Aregash, ambaye njaa haikuwahi kumjua, akakaa akakijaza chote. Bosi alibaki amesimama na simu yake mkononi.

"Mpaka Gondar, mwanangu?" mama akamuuliza. "Kutwa nzima nikupakate?"

"Hutokea kwa nadra, mama."

"Siku ya mkesha wa Mwaka Mpya itatokea mchana kutwa, na watakaotukanwa ni makondakta wangu. Nani hapa alilijua hili?"

"Mimi," Yeshimebet alisema. "Ndiyo maana nimefukuzwa. Nanywa baraka yangu, natoka."

Kikombe cha tatu kikaanza kumiminwa. Mama Aregash akafunika chake kwa kiganja.

"Changu msimimine."

"Mama, hiyo ni baraka!" Zerihun alishtuka.

"Najua. Nimeikataa. Siinywi katika nyumba inayomtimua anayejua kusema hapana."

Zerihun akaangalia makaa. "Weka ile kongwe," alinong'ona.

"Na kazi yangu?"

"Na kazi yako."

"Sema kwa sauti, bosi. Mimi sipokei kila ninachotupiwa."

Akasema kwa sauti, ofisi nzima ikasikia. Ndipo Mama Aregash akaondoa kiganja juu ya kikombe.